Utetezi wa Msuli

Nguo ina kazi tatu: kuusitiri mwili, kuukinga na jua na baridi, na kuupamba. Vazi litimizalo kazi hizi tatu halina deni kwa mtu yeyote. Lakini katika nchi yetu nguo ya mwanamume imeongezewa kazi ya nne, ambayo haikuandikwa katika sheria wala kufundishwa katika dini, nayo ni kumpambanua mtu wa kupokewa mara moja na mtu wa kungojeshwa. Kazi hiyo ya nne ndiyo niipingayo katika kurasa hizi, na shahidi wangu ni vazi lidharauliwalo kuliko yote ya kiume, yaani msuli.

Ninaandika nikiwa Shanwe, kata iliyo katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Hapa wanaishi pamoja Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Waha, Wasukuma waliofuata malisho, na watu wa asili ya Burundi waliopata uraia wetu. Mahali penye mchanganyiko wa namna hii mtu angetazamia mavazi ya wanaume yawe ya namna nyingi. Sivyo. Ukisimama njiani saa sita ya mchana, jua la mwezi wa Oktoba likiwaka kama tanuri, utaona suruali nyuma ya suruali: ya fundi, ya mwalimu, ya mchuuzi na ya mzee asiye na kazi. Msuli upo katika kila nyumba, lakini umewekewa mipaka. Huvaliwa usiku kitandani, asubuhi kabla ya kunawa uso, Ijumaa chini ya kanzu, na siku za ugonjwa. Mwanamume akionekana nao sokoni mchana, huulizwa kama hajambo.

Mimi niliununua msuli wangu wa kwanza wa kutembelea katika duka la hapa hapa Shanwe. Mwenye duka aliniuliza, “Wa kulalia?” Nikamjibu kwamba ni wa kuvaa. Akauliza tena, “Wa kuvaa wapi?” Nikamwambia, “Mahali pote niendapo na suruali.” Alicheka, akanikunjia, akapokea fedha, nazo hazikufika nusu ya bei ya suruali mpya. Ulikuwa wa buluu nzito wenye mistari myeupe. Niliuvaa kwa shati la mikono mirefu, ndara za ngozi, na kaptura chini yake kwa tahadhari ya upepo. Juma la kwanza nilitazamwa. Juma la pili niliulizwa maswali. Juma la tatu watoto walichoka kunifuata, na wazee wawili wa jirani wakaanza kutoka na yao hadi kilabuni kwa bao. Hivyo mtaa ulilimaliza shauri hili kwa siku 20, bila kamati.

Ofisi haikulimaliza. Nilikwenda mahali fulani pa kutolea huduma, ambapo sipataji kwa jina maana hapana tofauti na pengine pengi. Mlinzi, kijana mwenye adabu njema, aliniamkia kisha akasema, “Samahani, mzee, nenda kavae kwanza, halafu urudi.” Nilikuwa nimevaa kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Juu ya kichwa chake palikuwa na bango la picha za mavazi yasiyotakiwa, na msuli haukuwamo. Kando ya bango, msumarini, zilitundikwa kanga mbili za kuazimwa akina mama ambao sketi zao zingeonekana fupi. Basi katika mlango ule ule, nguo ya kujifunga kiunoni ilikuwa dawa ya aibu ya mwanamke na chanzo cha aibu ya mwanamume. Kitambaa ni kile kile, na urefu ni ule ule. Ikiwa kanga ile huleta heshima inapofungwa, ni kwa hoja gani msuli uiondoe?

Hoja nilizozisikia tangu siku ile ni tano. Nitazichukua moja baada ya moja, maana hoja isiyojibiwa hudhaniwa kuwa ya kweli.

Wa kwanza husema kwamba msuli ni vazi la kike. Huyu amechukua umbo la kitambaa akaliita jinsia. Pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, kikoi na msuli vimekuwa vya wanaume na kanga ya wanawake, wala hakuna mvuvi aliyechanganyikiwa. Maskati huvaliwa wizari, Bara Hindi lungi, Burma longyi, na kila moja ni vazi la mwanamume mzima mwenye ndevu. Aidha, binti zetu wa Mpanda huvaa suruali shambani, chuoni na juu ya pikipiki, na hawakuota ndevu kwa sababu hiyo. Tukikubali kwamba suruali imeweza kuvuka kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke bila kuvunja nyumba, hatuna haki ya kuogopa kwamba msuli, ambao haukuvuka popote, utaivunja.

Wa pili husema kwamba msuli ni nguo ya ndani. Hoja hii ina ukweli, na mwandishi mwaminifu hawezi kuupita. Waungwana wa pwani walivaa kikoi chini ya kanzu, na mtu wa heshima hakupenda kuonekana barabarani na kikoi peke yake, isipokuwa awe mvuvi, mpagazi, au mtu aliyetoka kuita jirani. Lakini daraja ya nguo si ya milele. Fulana ilikuwa nguo ya ndani, na leo huvaliwa peke yake na mawaziri wakikagua miradi. Shati lenyewe huko Ulaya lilikuwa la kufichwa chini ya koti, na mtu kubaki na shati tupu mbele ya wageni ilikuwa ukosefu wa adabu. Sheria iliyomfungulia fulana mlango haiwezi kumfungia msuli ila kwa upendeleo.

Wa tatu husema kwamba ni vazi la dini moja. Nguo haina kiapo cha imani. Wakristo wa Kerala hufunga kitambaa kiunoni kama jirani zao Wahindu na Waislamu. Mbudha wa Burma hufanya vivyo hivyo. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walipoichukua Karema mwaka 1885, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika katika mkoa huu huu, hawakuingia na suti. Waliingia na kanzu nyeupe na joho, vazi walilolichukua kwa Waarabu wa Afrika ya Kaskazini. Wazee wa Karema walibatizwa na watu wenye kanzu. Basi Mkristo wa Katavi asemaye kwamba kanzu na msuli ni vya msikitini peke yake, amesahau namna kanisa lake lilivyokuja limevaa.

Wa nne ndiye mwenye kiburi kuliko wenzake. Husema kwamba suruali ni ustaarabu, na nguo ya kujifunga ni ushenzi wa kale. Huyu apewe historia kidogo. Suruali za kale kuliko zote zilizopata kuchimbuliwa zina umri wa karibu miaka 3,000, nazo zilitoka katika makaburi ya watu wapanda farasi, magharibi ya nchi ya China ya leo. Suruali ilizaliwa kwa ajili ya farasi, ili kulinda mapaja ya mpandaji. Warumi, ambao dunia huwahesabu kuwa walimu wa ustaarabu wa Ulaya, waliiona kuwa alama ya washenzi wa kaskazini. Na mwishoni mwa karne ya 4 wafalme Arcadius na Honorius walipiga marufuku kuivaa ndani ya mji wa Roma. Neno suruali lenyewe halikuja kwetu na Mwingereza. Lilikuja kwa njia ya Kiarabu kutoka Uajemi. Katavi ni nchi ya mbung'o, ambapo farasi hawezi kudumu. Tumeurithi ulinzi wa mapaja ya mpanda farasi katika nchi isiyo na farasi, kisha tumeufanya kipimo cha utu.

Mwenye hoja hii husahau pia kwamba wale aliowaiga wana kujifunga kwao. Nyanda za juu za Uskoti wanaume walivaa kitambaa kirefu cha sufu, kilichokunjwa, kuzungushwa kiunoni na kukazwa kwa mkanda. Kwacho ndiko ilikotoka kilti ya leo, iliyo fupi na yenye marinda nyuma. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, serikali ya London ilipitisha sheria ya kulikataza vazi hilo. Aliyeshikwa nalo mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na mara ya pili alihamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Askari wa mfalme peke yao ndio walioachwa walivae. Tazama hila iliyomo: nguo ile ile ilikuwa uasi juu ya mkulima na utii juu ya askari. Sheria iliondolewa mwaka 1782. Katika Vita Kuu ya Kwanza vikosi vya Waskoti vilipigana Ufaransa vikiwa na kilti ndani ya mahandaki ya matope, na hakuna afisa aliyewaambia waende wakavae kwanza.

Na ikiwa kilti haitoshi kwa ushahidi, mwaka 1931 Gandhi alikwenda London kwa mazungumzo ya katiba ya Bara Hindi, akaalikwa katika kasri ya Buckingham, akaenda kwa shuka yake na ndara zake. Mfalme George wa Tano alimpokea. Mlango uliofunguliwa na mfalme aliyetawala robo ya dunia, katika mji wetu umefungwa na bango la karatasi.

Wa tano husema kwamba msuli haufai kwa kazi. Hapa ninakubaliana naye kwa sehemu. Fundi asiuvae mbele ya mashine izungukayo, wala mpiga paa asipande nao ngazi, wala mwendesha pikipiki asisafiri nao hadi Inyonga. Lakini ni wanaume wangapi wa Shanwe walio mbele ya mashine? Wengi wetu huketi dukani, hutembea, hungojea, hufundisha, hucheza bao, hupeleka mtoto zahanati na kusimama katika mstari. Kwa kazi hizo, katika joto hili, kitambaa kipitishacho hewa ni bora kuliko kodroi. Tai nayo haifai mbele ya mashine, lakini sijamsikia mtu akiikataza ofisini kwa sababu hiyo.

Nimewajibu wapinzani, sasa sina budi kuwajibu marafiki, maana utetezi mbaya huua shauri jema. Wapo watakaosema, “Tuvae msuli kwa sababu ni wetu, na suruali ni ya wageni.” Hoja hii ni tamu lakini haisimami. Misuli mingi iuzwayo Shanwe imefumwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kama uzalendo ndio kipimo, basi msuli na suruali ya mtumba vyote vimeshindwa, kila kimoja kwa upande wake.

Nchi hii ilikuwa na nguo yake. Wasafiri wa Ulaya waliopita kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa katika karne ya 19 waliandika habari za pamba iliyolimwa, kusokotwa na kufumwa na mafundi wa Ufipa na nchi za jirani, juu ya vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini na kufungwa katika vigingi. Zilikuwa nguo nzito, za kudumu, za kujifunga. Merikani ya Marekani na kaniki ya Bara Hindi zilikuja kwa misafara kwa bei nyepesi, kisha serikali za kikoloni zikaja na kodi na bidhaa zao. Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, karibu na mwaka 1950, ufumaji ule ulikuwa umekwisha kufifia. Leo pamba inalimwa Katavi, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kuwa nguo, kisha inarudi ikiwa na jina la mtu mwingine. Mwenye uchungu wa uzalendo auelekeze huko, kwenye kitanda cha mfumi kilichokufa, asiuelekeze kwenye miguu ya jirani yake.

Hata jina linaweza kuchukuliwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka maombi ya kusajili neno “kikoy” liwe alama yake ya biashara. Watu wa Kenya walipinga, na maombi yale hayakufaulu. Wakati sisi tunaona haya kukivaa kikoi mchana, wengine walikiona kuwa mali ya kuandikishwa.

Marafiki wengine wana kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa lina sura ya mapenzi. Hawa hutaka msuli uheshimiwe kwa kuvaliwa katika sherehe: siku ya utamaduni, siku ya mgeni rasmi, siku ya ngoma. Nawaonya kwa mfano wa Waskoti hao hao. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akapanga mapokezi ambayo mfalme mwenyewe aliyahudhuria akiwa na kilti. Tangu hapo vazi lililokuwa la mchungaji limekuwa la wakubwa na la sherehe. Leo Mskoti anaweza kulivaa harusini bila kuulizwa neno, lakini alivaapo siku ya Jumanne kwenda kununua mkate, hutazamwa kama nilivyotazamwa mimi Shanwe. Vazi la watu huweza kufa kwa marufuku, na huweza kufa kwa sifa. Na afadhali marufuku, maana hiyo humwachia mtu hamu ya kuasi. Zaidi ya mara moja tangu uhuru tumetafuta vazi la taifa. Msuli usiingizwe katika msafara huo. Hauhitaji cheo, unahitaji Jumanne.

Sasa nirudi kwenye jambo lililo zito. Tabia ya kumpima raia kwa nguo si mpya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamasai wa Tanzania walitakiwa kuacha rubega na ngeu, wavae suruali, ili waonekane watu wa taifa linaloendelea. Katika miaka hiyo hiyo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Huku suruali ikawa dawa, na kule suruali ikawa ugonjwa. Matokeo yako wazi. Katika miji yetu mikubwa leo, Mmasai mwenye shuka ndiye alindaye milango ya nyumba na maduka ya watu wenye suti. Nguo iliyoambiwa kwamba itairudisha nchi nyuma imekabidhiwa funguo. Na kwa jirani zetu, mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, suti ambayo kwa wazee wetu ilikuwa alama ya heshima ya Mwafrika huru. Kipimo cha mavazi hakitulii, kwa sababu hakikujengwa juu ya adabu. Kimejengwa juu ya nani anamwogopa nani aonekane naye.

Madhara yake hayaniangukii mimi sana. Mimi ninayo suruali nyumbani. Nilirudi, nikabadili, nikahudumiwa. Lakini mchungaji wa Kisukuma aliyetembea kutwa nzima na shuka mabegani ili kuuliza habari ya cheti cha mtoto, hana ya kurudia. Mzee wa Kipimbwe aliyetoka bonde la Rukwa na nguo moja ya kujifunga, safi, iliyofuliwa jana, hana ya kubadili. Hawa husimama kando, husemeshwa mwisho, na mara nyingine huondoka kabla ya kusemeshwa. Wanaposhindwa kupata haki yao hatusemi kwamba ofisi imekosea, tunasema kwamba “hawakujiandaa.” Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mzee huyu, akiazima suruali ya mwanawe ili apewe huduma iliyo haki yake, husitirika mwili na kuvuliwa heshima.

Ninachokidai ni kidogo. Ofisi zitakazo adabu ziiseme adabu kwa maneno yake: nguo iwe safi, isitiri kutoka begani hadi chini ya goti, isioneshe mwili. Kanuni hiyo itamtosha mwanamke na mwanamume, mwenye suruali na mwenye msuli, na haitahitaji bango la picha. Mlinzi afundishwe kutazama kama mtu amesitirika, asifundishwe kutazama kama kitambaa kimeshonwa katikati ya miguu. Nanyi wanafunzi na walimu wa vyuo, mnaoandika juu ya utamaduni mkiwa mmekazwa shingo kwa tai katika joto la nyuzi 33, sitaki mniunge mkono kwa makala. Nunueni msuli mmoja mmoja. Uvaeni mchana, kwa shati lililopigwa pasi, mwende nao maktabani na dukani, wala msieleze sababu kwa asiyeuliza.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mithali hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa onyo kwa apendaye vya wageni, lakini ina onyo jingine. Mbacha hautunzwi kwa kutundikwa ukutani. Hutunzwa kwa kukaliwa kila siku, hata uchakae, ndipo mtu akasuka mwingine.